Mupira wenye maandiko ya «Fear of God»



Mwezi huu maswali ya ndoa yatangoja kidogo. Barua moja imetufikia kutoka Likasi, na jambo lake ni moto bado. Aliyeandika ni mama wa kanisa, mjane wa watoto 5. Nimefupisha maneno yake, lakini sikuyageuza:

«Baba Mchungaji, mutoto wangu wa kwanza iko na miaka 19. Anafanyaka kazi ya kusafisha mawe ku mto. Mwezi wa sita alipata feza ya majuma mbili, akaenda ku soko, akanunua mupira mweusi ya kofia. Nyuma yake kuliandikwa maneno ya Kingereza: Fear of God. Jirani mwenye anajua Kingereza kidogo alinifasiria, akasema: Mama, hii ni woga wa Mungu. Ni alama ya bale benye kukimbia Mungu, sawa vile mwizi anakimbiaka polisi. Kisha ku chumba cha maombi walisema ile iko nguo ya giza. Njo maana niliichoma pamoja na takataka. Mutoto hakusema hata neno moja. Alibeba mufuko yake, akaenda kulala kwa mwenzake. Leo ni juma ya tatu. Nilitii Mungu ao niliharibu?»

Mama yetu, jibu utalipata, wala sitakuficha kitu. Lakini Mezali 18:13 inamwita mpumbavu yule anayejibu kabla ya kusikia. Basi tusikie kwanza nguo ile inasema nini, na ni nani aliyeisemesha.

Fear of God ni nyumba ya mavazi, ao marke kama vijana wanavyosema, ya mji wa Los Angeles kule Marekani. Ilianzishwa mwaka 2013 na Jerry Lorenzo, Mmarekani mweusi. Baba yake, Jerry Manuel, ni mtu wa besiboli, ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa fimbo. Aliongoza timu ya Chicago White Sox toka 1998 hata 2003, na kisha New York Mets toka 2008 hata 2010. Kijana hakufuata kazi ya baba. Alisoma mambo ya biashara, akauzisha nguo ndani ya maduka ya wengine, akatengeneza karamu za usiku mjini Los Angeles. Kushona nguo hakukusomea shuleni.

Jina alilitoa wapi? Hapa jirani wa Likasi angeshangaa. Lorenzo ameeleza kwamba lilimjia katika kusoma kitabu cha sala za kila siku cha Oswald Chambers.

Kitabu kile wachungaji wengi wanakijua. Kwa Kifaransa kinaitwa Tout pour qu'Il règne. Chambers alikuwa mhubiri wa Scotland, aliyezaliwa Aberdeen mwaka 1874. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikwenda Misri kuhudumia askari katika kambi ya Zeitoun, karibu na Cairo, na huko alikufa mwaka 1917 nyuma ya operesheni ya tumbo, akiwa na miaka 43 tu. Kitabu hakukiandika yeye. Mke wake, waliyemwita Biddy, alikuwa amejifunza kuandika kwa alama za mbio, ile kazi ya masekretere. Kila mume wake alipofundisha, yeye alikaa akiandika. Nyuma ya mazishi alibaki na binti mdogo na marundo ya daftari, na kutoka mule alikitoa kitabu kile, mwaka 1927. Wasichana mnaosoma sekretariati, mwone kazi ya mikono yenu inaweza kufika wapi!

Somo la tarehe 3 Januari katika kitabu hicho limesimama juu ya Zaburi 97:2, pale Mungu anapoonyeshwa akiwa amezungukwa na mawingu na giza. Lorenzo alikuwa amekomea katika nyumba ya Wakristo, na habari za Mungu alizisikia toka utoto. Lakini neno lile la mawingu na giza lilimgusa kwa namna mpya: Mungu ana kina ambacho hakuna kamba inayokifikia. Nguo zake nyingi nazo zimekaa vile, pana, nzito, bila maua, rangi nyeusi, kijivu, rangi ya udongo, rangi ya maziwa.

Kwa hiyo giza lipo, mama, na wale wa chumba cha maombi hawakuota. Ila si giza la Shetani. Ni giza la mlima Sinai, lile wingu zito ambamo Mungu alikuwa. Kutoka 20:21 inaonyesha watu wamesimama mbali, lakini Musa analikaribia giza lile. Hakuna aliyemwita mchawi.

Juu ya jina lenyewe, Lorenzo anasema lina pande mbili. Mtu aliye na amani na Mungu analisikia kama heshima. Mtu asiye na amani naye analisikia kama woga kabisa. Nguo ni moja, maandiko ni yale yale, ila kila mtu anayasoma kwa hali ya moyo wake. Hapa ninaona jirani alisoma upande mmoja tu.

Tena kosa si lake peke yake, ni la luga. Neno la Kingereza, fear, limebeba vitu viwili kwa pamoja. Na Kiswahili chetu cha Katanga kina shida ile ile, maana sisi tunaweka kila kitu katika kuogopa: ninaogopa nyoka, ninaogopa deni, ninaogopa baba mkwe, ninaogopa Mungu. Wazee waliotafsiri Biblia walitafuta maneno mengine, wakaandika kumcha Bwana, wakaandika kicho na uchaji. Ni maneno mazuri, lakini ku soko hakuna anayeyasema. Ku soko, mtu akikuibia katika kipimo, unamwambia: «We, hauogopake Mungu?» Na hapo hata mtoto anaelewa kwamba haumwombi mwuzaji yule amkimbie Mungu. Unamwomba akumbuke kwamba Mungu anatazama. Mbele kidogo ya mstari ule wa giza, katika Kutoka 20:20, Musa anawakataza watu wasiogope, na palepale, bila hata kupumua, anawaambia hofu ya Mungu ikae mbele yao ili wasifanye zambi. Usiogope, na uogope! Mwalimu wa shule angepiga msitari mwekundu hapo. Lakini Musa anajua anachosema, maana zile ni hofu mbili.

Wale waliofanya kazi chini ya ardhi, Kipushi ao Kamoto, watanielewa upesi. Mfanyakazi mpya anakuwa wa namna mbili. Mmoja haogopi kitu, anaingia akipiga miluzi. Mwingine anatetemeka, anataka kupanda juu mara moja. Mzee wa kazi hafanani na hao wawili. Akifika mahali palipopasuliwa na baruti, anachukua bare ya chuma, anagonga jiwe la juu, anasikiliza. Jiwe lililo zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachana na mwenzake linalia kama ngoma. Akisikia ngoma, anasimama pembeni na kuliangusha, ndipo wengine wapite. Mtu huyu anaogopa jabali? Ndiyo, anaogopa sana. Lakini ameingia mule miaka 30, amelisha watoto kwa jabali lile lile, na ukimwambia aache kazi anakasirika. Hofu yake haikumkimbiza. Ilimfundisha kusikiliza kabla ya kukanyaga. Vijana wanaoshuka leo ndani ya mashimo ya mkono, bila bare na bila mzee wa kusikiliza, wanajua kwa nini wakati wa mvua tunazika wengi.

Hofu ya Mungu ni ya mzee yule. Kama Lorenzo alifikiri hivyo siku zote anapouzisha, hilo ni kati yake na Bwana wake. Lakini neno lenyewe ni la Biblia, na halina kosa.

Sasa vijana wanauliza: ni halali basi kuweka mambo ya Mungu juu ya nguo? Wanauliza kwa nguvu, maana wanaona sisi wakubwa tunayaandika kila mahali, juu ya teksibisi, juu ya duka la unga, hata juu ya nyumba ya kukata nywele.

Biblia ina nguo kama zile. Katika Kutoka 28:36 Haruni anashonewa kibao cha zahabu juu ya kilemba, kimechorwa maneno ya kumtakasa kwa Bwana. Huyo alikuwa mmoja, kuhani mkuu, na alivaa kwa kazi. Kwa watu wote, Hesabu 15:38-39 inaagiza kitu kidogo zaidi: vishada kwenye pindo la nguo, na ndani yake uzi wa buluu. Hakuna herufi hata moja. Na sababu inatolewa: wavitazame, wakumbuke amri. Angalieni mahali vilipowekwa. Viliwekwa chini, kwenye pindo, pale macho ya mwenye nguo yanapoanguka akitembea. Bwana Yesu alivaa nguo yenye pindo, na mama mgonjwa aligusa pindo lile akapona. Lakini katika Matayo 23:5 aliwakemea wale waliorefusha vishada vyao ili watu wawaone. Uzi ulikuwa ule ule. Walichogeuza ni macho ya kuutazama: kwanza yalikuwa macho ya mwenye nguo, kisha yakawa macho ya mtaa mzima.

Miaka ya 1990 vijana wa makanisa ya Marekani walivaa ukanda mdogo wenye herufi W.W.J.D., yaani kuuliza Yesu angefanya nini. Ulianza mwaka 1989 kwa Janie Tinklenberg, mwongozi wa vijana katika kanisa moja la mji wa Holland, Michigan. Ulizo lile lilitoka katika mahubiri ya Charles Sheldon, mchungaji wa Topeka, ya mwaka 1896. Kisha wafanyabiashara wakauona, ukauzishwa kwa mamilioni, na wengi waliuvaa kama shanga tu. Lakini mimi ninausifu kwa jambo moja: ulifungwa kwenye mkono. Mkono ukitaka kuchukua cha mtu ao kupiga mtu, herufi ziko palepale mbele ya macho ya mwenyewe.

Mupira wa Fear of God haukai vile. Maandiko yako kifuani ao mgongoni. Anayeyasoma ni yule aliye nyuma yako ku bomba la maji, wakati wewe mwenyewe huyaoni mpaka usiku ukivua. Sisemi ni vibaya. Ninasema ukivaa, umewapa watu barua ya kusoma, na wao wataangalia kama mtu aliyebeba barua anafanana nayo.

Juu ya biashara nitasema kidogo. Nyumba ile imekuwa kubwa. Mwaka 2016 Lorenzo alitengeneza mavazi ya safari ya mwimbaji Justin Bieber, na mwaka 2018 akaanza aina ya bei nafuu inayoitwa Essentials, maana yake vitu vya lazima. Mupira wa kofia wa «vya lazima» ulikuwa unakaribia dola 100! Kwetu feza hiyo ni magunia ya unga, tena si gunia moja. Ukiona mupira wa namna ile ku soko kwa dola 10 ao 15, na haukutoka katika mabalo ya salaula, ujue kuna mtu mahali fulani amekaa ku mashine ya kushona, anaiba jina la mwingine, na jina analoiba ni «hofu ya Mungu». Nilipofikiri jambo hili nilicheka peke yangu. Kijana aliyenunua hana kosa hapo, pengine hata mama wa soko hana. Lakini inaonyesha kwamba uzi na herufi haviwezi kumzuia mtu asiibe.

Na tusijifanye kama ugonjwa huu umetoka Marekani. Nchi yetu inaujua ugonjwa wa grife toka zamani. Papa Wemba, aliyekufa mwaka 2016, na wenzake wa Kinshasa walifika hata kuita mapenzi ya mavazi «dini ya kitendi». Walicheza na neno, ndiyo, lakini wapo waliolala njaa ili wavae viatu vya Ulaya, na dini inayokufungisha hivyo bila kukupa mkate mnajua inafanana na nini.

Sasa mama wa Likasi.

Ulitaka kumlinda mtoto wako, na Mungu anaona moyo wa mama. Lakini uliharibu. Watu wa chumba cha maombi hupenda kutaja Matendo 19:19, pale Efeso vitabu vya uchawi vilipochomwa. Usomeni tena mstari ule polepole: waliochoma walileta vitabu vyao wenyewe, kwa mikono yao, bei wakaihesabu mbele ya watu wote. Hakuna mahali Paulo aliingia katika nyumba ya mtu akachoma kitu ambacho mwenyewe hajakiachilia. Wewe ulichoma jasho la mtoto wako. Majuma mawili alisimama ndani ya maji, mwezi wa sita, na ninyi watu wa Likasi mnajua baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita. Pengine alitafuta kitu cha kujifunika tu. Pengine pia alichagua ule katikati ya mipira mingine kwa sababu aliona jina la Mungu. Katika barua yako sioni mahali mtu alimwuliza.

Nenda wewe mwenyewe kwa huyo mwenzake anakolala. Usitume shemasi, usitume mjomba. Usianze na Biblia, anza na neno «nisamehe, mwanangu», na ulimalize bila kuongeza «lakini». Kwa desturi zetu mzazi haombi mtoto msamaha, ninajua. Wewe omba. Kisha ukiweza, hata kidogo kidogo, mununulie mupira mwingine wa baridi. Asipotaka wenye maandiko, ni vizuri, akitaka, mwachie.

Habari ya feza ya majuma mawili kumalizika kwa nguo moja, wakati wadogo wake 4 wanangoja minervali, nayo ni habari ya kweli na inafaa kusemwa. Itasemwa nyumbani, siku nyingine, akiisha kula.

Na wewe kijana, kama gazeti hili linakufikia, ao wewe mwingine uliye na mupira kama ule, kuna jambo moja nililoona katika kitabu cha Walawi. Sheria inapotaja kumwogopa Mungu, mara nyingi inataja mahali ambapo polisi hawafiki. Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza, na hapo inaongeza: umwogope Mungu wako. Kwa nini hapo? Kwa sababu kiziwi hakusikia, hawezi kukushitaki. Kipofu hakuona nani aliyeweka jiwe. Ni Mungu tu aliyekuwepo. Mbele kidogo, katika mstari wa 36, sura ile ile inafika kwenye mizani.

Tuna mizani katika kila depo ya kununua madini, tena tuna ile mashine ya kupima teneri. Mchimbaji ameleta gunia mgongoni. Hajui mashine imesema nini, anajua namba aliyoonyeshwa. Huyo ndiye kiziwi na kipofu wa Walawi 19. Sasa kijana wa kanisa amepata kazi mule, kazi nzuri, mshahara wa mwezi, na patroni anamwambia kila jioni aandike teneri chini kidogo ya ile aliyoisoma. Amevaa mupira wake. Mchimbaji hajui Kingereza, hawezi kusoma kile kilicho kifuani pa yule anayempimia. Wapo vijana waliokuja kuniuliza wafanye nini, na niliwaambia waandike namba waliyoisoma. Mmoja alifukuzwa. Sasa anauzisha mikate ku barabara, na kanisa linanunua kwake mikate ya mkutano wa wamama.

Swali la mwisho, fupi, kutoka Kolwezi: kijana anauliza kama anaweza kuvaa mupira ule ndani ya ibada, maana shemasi alimrudisha mlangoni. Anaweza. Kofia aiteremshe wakati wa maombi, kama baba zetu wanavyovua kofia zao. Na mashemasi wanaoogopa maandiko watazame pia ile mipira ya wakandida wa uchaguzi wa 2023, ambayo tunaivaa wote, mimi pia, siku ya kufagia kanisa. Maandiko ya mule hayakutoka katika Zaburi.

Barua ya Kambove juu ya mahari iliyobaki deni tumeipata. Itajibiwa mwezi ujao. Tunaomba mwandike upande mmoja tu wa karatasi, na mtaje parokia yenu.